Mama asubiri vijimota vya kuogelea tumboni?

Swali

Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa sekondari, niko Tanga. Mama yangu ana miaka 61 na huu ni mwaka wa nne anasumbuliwa na vidonda vya tumbo. Alipimwa akakutwa na bakteria wa H. pylori, akameza dozi ya wiki mbili, akairudia tena, na kila akipimwa damu anaambiwa bado wapo. Juzi nimeona video ya roboti wadogo kuliko unywele wanaoogelea tumboni na kumwaga dawa palepale penye ugonjwa. Kwenye kundi letu la WhatsApp kuna mtu anauza vidonge anavyoviita "vya roboti" kwa shilingi laki tatu na nusu. Je, vitu hivi ni vya kweli? Vikimaliza kazi vinakwenda wapi? Nimtumie huyu mtu hela, au tusubiri vifike hospitalini?

Jibu

Marahaba mwanangu, na mama mpe pole nyingi.

Hela usitume. Mimi ni mfamasia. Nilikaa miaka dirishani nikitoa dawa, sasa nafundisha namna dawa zinavyotengenezwa. Hakuna nchi ambako dawa ya kujiendesha yenyewe tumboni imesajiliwa kwa wagonjwa. TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, hawajaisajili, Nairobi kwenye Bodi ya Famasia na Sumu hawajaisajili, na Marekani na Ulaya ni hivyo hivyo. Kilichomo ndani ya kapsuli za huyo mtu ni kitu kingine, na hicho kitu kingine kinanitisha kuliko hizo laki tatu na nusu. Inaweza kuwa hata dawa ya maumivu, itakayomtuliza mama siku mbili huku inamchimba kidonda.

Video uliyoiona, hata hivyo, si uongo. Kazi hiyo ipo, imefanywa na watu makini, na mimi huifuatilia kwa hamu kwa sababu tumbo ndilo lililokuwa mahali pa kwanza ilipojaribiwa ndani ya mnyama aliye hai. Ngoja nikueleze vizuri, halafu turudi kwa mama, maana katika maelezo yako kuna neno moja lililonishtua.

Sijui unafundisha somo gani, lakini jaribio la kutengeneza haidrojeni bila shaka unalikumbuka. Unaweka vipande vya zinki kwenye chupa, unamimina asidi ya haidrokloriki, mapovu yanafoka, unakusanya gesi, unasogeza kijiti kinachowaka, kinalia "pop!" na darasa zima linacheka. Asidi iliyomo tumboni mwetu ni hiyo hiyo. Kundi la Joseph Wang na Liangfang Zhang, katika Chuo Kikuu cha California, San Diego, lilichukua jaribio hilo la shule likaliingiza ndani ya mrija wenye urefu wa maikromita 20. Unywele mmoja una unene wa maikromita 70 hivi, kwa hiyo mirija mitatu ukiipanga kichwa kwa mkia haivuki upana wa unywele. Ndani ya mrija kuna zinki. Ukifika kwenye asidi, zinki inatoa mapovu, mapovu yanatokea upande mmoja, mrija unakwenda upande wa pili, kama puto ulilolijaza upepo ukaliachia bila kulifunga. Kasi yake ilikuwa kama maikromita 60 kwa sekunde, yaani mara tatu ya urefu wake wenyewe.

Mwaka 2015 walichapisha matokeo ya kuwanywesha panya vijimota hivyo. Hawakupakia dawa, walipakia chembe ndogo mno za dhahabu, kwa kuwa dhahabu inapimika kirahisi kwenye nyama ya tumbo baadaye. Dhahabu iliyobebwa na vijimota ilibaki kwenye ukuta wa tumbo kama mara tatu ya ile iliyonyweshwa hivi hivi. Zinki ikayeyuka, na panya hawakuonyesha dalili ya kudhurika.

Utauliza: kwa nini dawa ihitaji mota? Si imezwe tu, iyeyuke, ifike?

Ukuta wa tumbo umefunikwa na ute. Ute huo ndio unaotukinga tusijimeng'enye wenyewe, na ni mzito, umeshikamana kama jeli. H. pylori hawaishi katikati ya tumbo ambako chakula na asidi vinazunguka. Wanaishi chini ya ute, wamejibana karibu na seli. Dawa iliyoyeyuka huku juu lazima ipenye kule, na wakati inahangaika kupenya, tumbo linaisukuma kwenda utumbo mdogo pamoja na ugali. Tena klarithromaisini, mojawapo ya dawa tunazozitumia, huharibiwa na asidi. Ndiyo maana mama alipewa na omeprazo. Omeprazo haiui bakteria. Inalizuia tumbo lisimwage asidi kwa wingi ili dawa nyingine zisiungue kabla ya kazi.

Kusafiri ndani ya ute ukiwa na umbo dogo kiasi hicho ni shida ya namna yake, na mwanafizikia wa Marekani Edward Purcell aliieleza mwaka 1977 kwa namna ambayo tangu niisome sijaisahau. Kwa kiumbe cha ukubwa wa bakteria, maji yenyewe ni mazito kama sisi tungeogelea kwenye asali. Wewe ukipiga mbizi kisha ukaacha kupiga miguu, mwili unateleza mbele bado. Bakteria akisimamisha mkia anasimama papo hapo. Alikokotoa kuwa umbali atakaoteleza ni mdogo kuliko upana wa atomu moja. Na tena, kwenye uzito huo, kwenda na kurudi kwa njia ile ile hakukufikishi popote. Kombe wa baharini mwenye gamba mbili, anayejirusha kwa kulifungua taratibu na kulifunga ghafla, angekuwa mdogo kama bakteria angeishia kucheza mbele-nyuma palepale. Ndiyo maana bakteria wana mikia inayozunguka kama parafujo, na ndiyo maana wanaotengeneza vijimota huchagua mapovu, au umbo la parafujo linalozungushwa kwa sumaku kutoka nje.

Sasa tazama adui yako mwenyewe alivyo fundi. H. pylori ana mikia ya kuzunguka, lakini mikia peke yake isingetosha kwenye ile jeli. Ana kimeng'enya kiitwacho ureasi. Kinaivunja urea, ambayo ni kemikali ile ile iliyoandikwa kwenye mfuko wa mbolea na ambayo miili yetu huitengeneza kila siku, na kutoa amonia. Amonia inapunguza makali ya asidi pale alipo, na ute wa tumbo una tabia hii: asidi ikipungua, jeli inalainika kuwa majimaji. Bakteria anajiyeyushia njia huku anatembea. Mwaka 2015 kundi la Peer Fischer huko Ujerumani liliiga jambo hilo hilo: walitengeneza parafujo ndogo za sumaku, wakazipaka ureasi, na zikapenya jeli ya ute ambayo parafujo zisizopakwa zilishindwa. Nilipoisoma kazi hiyo nilifurahi kama mtoto. Mdudu aliyewatesa wagonjwa wangu miaka yote ndiye aliyewapa ufunguo wa mlango wake mwenyewe.

Kazi inayomhusu mama moja kwa moja ilitoka San Diego mwaka 2017. Safari hii walitumia magnesiamu. Walichukua punje za maikromita 20 hivi, wakazitandaza juu ya kioo, wakazipaka zikiwa zimelala: kwanza titani dioksidi, kisha plastiki inayooza mwilini iliyochanganywa na klarithromaisini, juu kabisa kitosani, ambayo asili yake ni magamba ya kamba na kaa. Pale punje ilipogusa kioo rangi haikufika, pakabaki kitundu. Kitundu hicho ndicho bomba la moshi. Asidi inaingia hapo, inaikuta magnesiamu, mapovu yanatoka, punje inasukumwa. Kitosani ina chaji chanya na ute una chaji hasi, kwa hiyo punje ikifika kwenye ute inaganda, na dawa inaanza kutoka polepole.

Kuna uzuri mwingine hapo ambao mimi nauona ndio mkubwa. Magnesiamu ikiungua inakula asidi iliyoizunguka. Yaani mafuta ya mota ni ile sumu yenyewe inayoiharibu dawa. Kadiri inavyokwenda ndivyo inavyosafisha njia. Omeprazo haihitajiki.

Panya waliokuwa na H. pylori walipewa vijimota hivyo siku tano mfululizo. Bakteria walipungua sana kuliko kwa panya waliopewa punje zenye dawa ile ile lakini zisizo na mota. Hapa nataka uelewe vizuri, maana video nyingi hukatia hapa: vijimota vilifanya kazi sawasawa na klarithromaisini ya kawaida ikipewa pamoja na dawa ya kuzuia asidi. Sawasawa. Faida iliyoonekana ni kwamba omeprazo haikuhitajika, si kwamba ugonjwa ulioshindikana kwa dozi ya kawaida sasa umetibika. Na kama bakteria wa mama wameshakuwa sugu kwa klarithromaisini, kuwapelekea klarithromaisini kwa mota ni kuwapelekea dawa wasiyoiogopa kwa usafiri wa haraka.

Umeuliza vinakwenda wapi vikimaliza. Magnesiamu inayeyuka, ni ya familia moja na iliyomo kwenye vile vidonge vyeupe vya kutafuna ambavyo kila zahanati inavyo. Ile plastiki ni ya jamii ya zile nyuzi za kushonea vidonda zinazoyeyuka zenyewe bila kutolewa. Kitosani inavunjwavunjwa. Gesi ni haidrojeni kidogo, inatoka kwa kucheua au njia nyingine. Kinachobaki bila kuyeyuka ni ganda jembamba mno la titani, na hilo hutoka na choo. Kwa panya hawakuona madhara.

Kwa nini basi hatuna bado? Tumbo la panya halina asidi kali kama letu, kwa hiyo mota inayodumu dakika chache kwa panya huenda kwetu ikaungua mapema zaidi. Tumbo letu ni kubwa mara nyingi, linakunjakunja, lina mabaki ya maharage. Dozi ya mtu mzima ingekuwa mamilioni ya punje, na mtengenezaji anatakiwa akuhakikishie kwamba punje za kopo la Januari zinakwenda na kumwaga dawa sawa na za kopo la Juni. Kuzipaka zikiwa zimetandazwa kwenye kioo, kwa mashine za maabara, hakujafika huko, na bei yake leo ingemfanya mama aikimbie. Halafu kuna majaribio kwa watu wenye afya, kisha wagonjwa wachache, kisha wengi. Mama asisubiri hilo.

Wengi wanaoniuliza kuhusu vijimota hufikiria damu: unachomwa sindano, roboti linapita mishipani hadi kwenye saratani. Hapo ndipo nina mashaka zaidi. Ndani ya mshipa mkubwa damu inakimbia makumi ya sentimita kwa sekunde. Kijimota cha maikromita 60 kwa sekunde kikiambiwa kishindane nayo ni sawa na kumwambia uduvi apande Rufiji wakati wa masika. Tena damu haina asidi ya kukipa mafuta, na mapovu ya gesi ndani ya mshipa hayatakiwi. Kwa hiyo kwenye damu watafiti huvuta kwa sumaku badala ya kuacha kitu kijisukume. Sylvain Martel wa Montreal aliongoza kazi iliyochapishwa mwaka 2007 ambapo kigololi cha milimita 1.5 kiliendeshwa ndani ya mshipa wa shingo wa nguruwe aliye hai, kwa kutumia mashine ya MRI, ile ya hospitali inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku. Na mwishoni mwa 2025 kundi la Bradley Nelson wa Zürich lilionyesha kapsuli ndogo ya jeli yenye chembe za chuma ikiongozwa kwa sumaku ndani ya nguruwe na kondoo, lengo likiwa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Hiyo haijiendeshi, inaendeshwa. Lakini haja ya kufikisha dawa panapotakiwa ni kubwa kweli kweli: uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016, wa tafiti za miaka 10, ulikuta kwamba katika chembe za dawa zinazochomwa ndani ya wanyama, zinazofika kwenye uvimbe wa saratani ni kama 0.7% tu.

Mahali ninapopatazama kwa matumaini kuliko pote, baada ya tumbo, ni kibofu cha mkojo. Mkojo umejaa urea. Samuel Sánchez na wenzake wa Barcelona walitengeneza chembe za silika ndogo zaidi, za nanomita mia nne na kitu, yaani chini ya nusu ya maikromita, wakazipaka ureasi, ile ile silaha ya H. pylori. Zikiwa kibofuni zinakula urea na kujisukuma. Leo mgonjwa wa saratani ya kibofu huwekewa dawa kwa mpira wa mkojo, mara nyingi ni BCG, chanjo ile ile iliyotuachia kovu begani. Anakaa nayo saa moja au mbili, kisha anaikojoa, na nyingi inatoka bila kugusa uvimbe. Januari 2024 kundi hilo lilichapisha kwamba panya waliopewa dozi moja ya vijimota vilivyobeba iodini yenye mionzi, uvimbe wao ulipungua kwa karibu 90%. Ni panya, na saratani ile si aina hasa inayoletwa na kichocho, ambayo ndiyo tunayoijua sisi wa pwani na wa kanda ya ziwa. Lakini niliona vijana wa Unguja na Mwanza wakikojoa damu, nikawaona wengine wakirudi watu wazima na uvimbe, na habari ya dawa inayojisukuma ndani ya kibofu siwezi kuisoma kama habari ya mbali.

Sasa mama.

Neno lililonishtua ni "akipimwa damu". Kile kipimo cha haraka cha tone la damu hakiwatafuti bakteria. Kinatafuta kinga ambayo mwili ulijitengenezea dhidi yao. Kinga hiyo hubaki miezi mingi, hata miaka, baada ya bakteria kufa. Inawezekana kabisa mama alipona kwenye dozi ya kwanza, kipimo kikaendelea kusoma "yupo", akamezeshwa dozi ya pili bure. Nimeyaona haya mara nyingi dirishani, na kila mara roho imeniuma.

Anachohitaji ni kipimo cha choo cha antijeni ya H. pylori, yaani kinachotafuta chembe za bakteria mwenyewe, au kipimo cha pumzi panapopatikana. Hicho cha pumzi utakipenda: mgonjwa anakunywa urea yenye kaboni iliyotiwa alama, na kama bakteria wapo, ureasi yao inaivunja na kaboni hiyo inatoka kwenye pumzi. Lakini vipimo hivi vyote viwili hudanganyika upande wa pili, vikasema "hayupo" kumbe yupo, ikiwa mtu ametoka kwenye dawa. Apime wiki nne au zaidi baada ya antibayotiki ya mwisho, na awe ameacha omeprazo wiki mbili. Aiache kwa kumwuliza daktari, na kwenye siku hizo akisikia kiungulia anaweza kutafuna vile vidonge vyeupe vya magnesiamu.

Kipimo kikionyesha kweli wapo, asipewe tena klarithromaisini. Kuna dozi ya wiki mbili yenye bismathi, tetrasaiklini, metronidazo na omeprazo. Ni vidonge vingi, vinachosha, mdomo unakuwa mchungu kama shaba. Mwandalie karatasi ya kuweka alama kila anapomeza. Omeprazo anywe nusu saa kabla ya kula, asubuhi na jioni. Wengi huimeza baada ya kushiba, na hapo nguvu yake inapungua.

Kipimo kikisema hawapo na bado anaumwa, mwulize kama magoti yanamuuma. Mama wa miaka 61 mwenye vidonda visivyopona, mara nyingi nikipekua mkoba wake nakuta diklofenaki au dawa za maumivu alizonunua dukani, wala hazihesabu kuwa dawa. Hizo peke yake zinatosha kutoboa tumbo.

Na kwa umri wake, baada ya miaka minne, aangaliwe kwa mpira wenye kamera hata kama kipimo cha choo ni kizuri. Akipata choo cheusi kama lami, akitapika damu, akipungua uzito bila sababu au akishindwa kumeza, usisubiri tarehe ya kliniki. Mpeleke siku hiyo hiyo. Beba maboksi ya dawa zote alizowahi kutumia, na yale matupu pia, ili daktari ajue ni klarithromaisini ipi na ya lini.